Mabehewa Yaliyokataa Kuteremka

Asubuhi ile ya Alhamisi Adelard Rwechungura hakuwa na gari. Hakuwa na kitambulisho cha kazi, kwani alikirudisha siku aliyostaafu upelelezi, miaka kumi na moja iliyopita. Hakuwa na bastola wala pingu. Hakuwa na chai tumboni, wala mke wa kumkumbusha kuinywa. Hakuwa na ruhusa ya mtu yeyote kufungua tena upelelezi ambao yeye mwenyewe aliufunga jana yake saa kumi alasiri. Na hakuwa na jibu la kumpa mwanamke aliyesimama mlangoni pa nyumba yake ya Kibamba, kofia ya pikipiki mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Siingii. Mie naitwa Vaileth. Mke wa Brightson."

Jina hilo la pili Adelard alilifahamu. Jana alikuwa ameliandika mara nne kwenye barua aliyoipeleka polisi.

"Nimetoka kituoni," Vaileth alisema. "Nimemuuliza askari, mume wangu mmemweka ndani kwa ushahidi gani? Akanionyesha barua. Mwandiko mzuri, mzee, umenyooka kama wa ubaoni. Akaniambia, 'Dada, hii kaandika Inspekta Rwechungura, na huyu mzee huwa hakosei.' Faili linatoka kituoni leo saa kumi. Kesho asubuhi anapandishwa kizimbani."

"Bisibisi yake iliokotwa chini ya meza."

"Fundi umeme kusahau bisibisi kazini, huo nao ni wizi? Basi nyumba yangu nzima imejaa wizi."

"Alionekana akitoka na begi."

"Kila siku anatoka na begi! Ulitaka abebe vifaa mdomoni?" Alivaa kofia yake, kisha akaivua tena. "Nikuulize kitu kimoja, halafu niende. Mwizi kaiba kichwa cha treni. Hiyo treni yenyewe uliiangalia?"

"Niliangalia mlango, kufuli na dirisha. Nikamhoji shahidi."

"Nimekuuliza treni."

"La," Adelard alisema. "Sikuiangalia."

Vaileth alimtazama mara moja, akageuka na kwenda zake. Adelard aliingia ndani, akachukua daftari, kurunzi, rula na miwani ya kusomea. Chai aliiacha hivyo hivyo.

*

Kesi yenyewe jana ilionekana nyepesi. Huko Boko, katika chumba cha uani nyumbani kwa Twalib, stesheni masta mstaafu, wazee wawili na fundi umeme mmoja walikuwa wamejenga mfano mdogo wa reli ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Ruvu. Kazi hiyo iliwachukua miezi kumi na minne. Jumamosi ungeonyeshwa katika ukumbi mmoja wa maonyesho Kawe. Jumatano asubuhi Twalib alikuta kufuli limekatwa na kichwa cha treni hakipo. Alimpigia mwenzake Jabiri, gadi mstaafu wa treni. Jabiri naye akampigia Adelard, rafiki yake wa miaka arobaini. Ni Jabiri huyo huyo aliyesema kwamba Jumanne saa sita mchana, Twalib akiwa Bagamoyo kwa dada yake, alimwona Brightson akitoka uani na begi zito. Kufikia saa kumi Adelard alikuwa ameshaandika barua, na Brightson alikuwa ameshavuliwa mkanda na viatu.

Twalib alimpokea akiwa na brashi ya gundi mkononi na unga wa mbao wa kijani mpaka kwenye nyusi.

"Karibu Inspekta. Usiegemee Ruvu tu, gundi haijakauka."

"Kichwa cha treni hakipo na bado unapanda majani?"

"Maonyesho yapo Jumamosi, bwana. Kesho jioni lori la Kenta linakuja kupakia. Treni isipotembea, angalau watu waone nchi."

Na kweli ilikuwa nchi. Meza nne zilikuwa zimeunganishwa kwa bolti, kila moja na namba yake kwa ajili ya safari ya kwenda Kawe. Vilima vya Pugu vilijengwa kwa magazeti na uji wa ngano, miti ilikatwa katika sponji, na kokoto za reli zilikuwa matofali yaliyopondwa na kuchekechwa mara mbili. Kuanzia Gongo la Mboto njia ilipanda hadi Pugu, na katikati ya mwinuko huo lilikuwa limetandazwa shuka jeupe.

"Hilo shuka umeliweka lini?"

"Jana, dakika ile ile nilipoona kichwa hakipo. Vumbi ni adui. Hakuna aliyegusa tangu hapo."

Adelard hakulifunua. Alianzia mlangoni, kama alivyofundishwa. Nje ya kizingiti alipiga magoti, akamulika saruji kwa kurunzi inchi kwa inchi. Kufuli lilikuwa limekatwa kwa msumeno wa chuma, na msumeno wa chuma huacha unga. Nje hapakuwa na unga.

"Una sumaku?"

"Ipo. Tunaokotea vimisumari vya reli."

Aliifunga sumaku ndani ya karatasi, akaipitisha sakafuni toka mlangoni hadi kwenye benchi la kazi. Ilitoka tupu mpaka ilipofika chini ya jiliwa, kile chuma cha kubania vitu kilichofungwa pembeni mwa benchi. Hapo karatasi iliota ndevu za unga unaong'aa.

"Mlikata chuma hapa wiki hii?"

"Wiki hii? Hapana. Tunapaka rangi tu."

"Basi kufuli lilikatwa hapa," Adelard alisema. "Lilibanwa kwenye jiliwa, likakatwa taratibu, kisha likarudishwa mlangoni. Mtu aliye nje hawezi kuingia ndani kwanza ndipo akate kufuli lililomzuia kuingia. Huyu alifungua kwa ufunguo. Funguo ziko ngapi?"

Twalib aliweka brashi chini. "Tatu. Mie, Brightson na Jabiri."

Adelard aliandika majina matatu, kila moja mstari wake. Kisha akalifunua shuka.

Mabehewa yote kumi na moja yalikuwa yamesimama mlimani, yameungana, la kwanza likiwa na ndoano tupu mahali pa kichwa. Alivaa miwani. Alipima mteremko kwa rula: kila urefu wa rula moja, reli ilishuka zaidi ya upana wa kidole gumba.

"Mliiacha treni hapa?"

"Jumatatu jioni. Tulikuwa tunajaribu kama kichwa kitapanda na mzigo wote. Kikapanda, tukakizima papo hapo. Kina gia, hakirudi nyuma hata kikizimwa."

"Kichwa kikiondolewa?"

"Yanaporomoka yote hadi Gongo la Mboto. Brightson kashafanya hivyo mara tatu. Anachomoa kichwa akasafishe magurudumu, hana habari na mabehewa, nayo hayoo! Mwezi uliopita behewa la tanki la mafuta lilivunjika ndoano. Jabiri alitaka kumchapa vibao."

"Sasa hivi kichwa hakipo," Adelard alisema. "Mbona hayajaporomoka?"

Twalib aliinama kando ya Adelard. Mwanga wa kurunzi ulipita chini ya behewa la mwisho. Nyuma ya gurudumu, upande wa mteremko, palikuwa na njiti ya kiberiti. Kichwa chake kilikuwa kimekatwa, na ncha yake imechongwa kwa kisu kuwa kabari.

"Nyie mnatumia njiti za kiberiti kwa kazi gani hapa?"

"Hatuzitumii. Mataruma yote ya chini ya reli ni mninga, nimechonga kwa mkono wangu."

"Simama pale mwisho wa mteremko."

Adelard aliichomoa njiti kwa kibano. Mabehewa yaliguna, yakaanza kushuka, yakashika kasi. Twalib aliruka nyuma, mikono kichwani. Adelard aliyadaka kwa kofia yake, nusu inchi kabla ya jengo la stesheni.

"Mbona hukuyakinga?"

"Mie nilikuwa stesheni masta, bwana! Mabehewa yakikimbia, stesheni masta anapiga simu."

Adelard aliiweka njiti ndani ya bahasha ndogo, akaandika tarehe na saa. Kisha akauliza bila kuinua uso, "Reli yenu kubwa ile, kichwa kikifunguliwa mlimani, kabari anaweka nani?"

"Gadi." Twalib alijibu upesi, kisha akapoa. "Gadi hawezi hata kwenda haja kabla hajaweka kabari. Ukiacha bila, unafukuzwa. Mtu akishafanya miaka thelathini inakuwa kama..." Akamtazama Adelard. "Inspekta. Usiseme hilo unalotaka kusema."

"Sijasema. Kile kibao cha nini?"

Kwenye rafu kulikuwa na kibao cha plastiki kwa ajili ya ukumbini. *Reli ya Dar es Salaam hadi Ruvu. Wajenzi: Twalib Mwinyimkuu na Brightson Lyimo.*

"Waandaaji walitaka majina mawili," Twalib alisema. "Mie ndiye mwenye wazo. Brightson ndiye mwenye umeme. Bila umeme haitembei."

"Na mabehewa ni ya nani?"

"Ya Jabiri. Yote kumi na moja. Kayakata kwenye makopo ya maziwa ya unga."

"Jabiri alikiona kibao lini?"

"Jumatatu jioni. Alicheka tu, akasema hati nzuri."

Adelard alifunga daftari. "Niazime behewa moja."

*

Jabiri alikuwa amekaa barazani kwake Kawe, kanzu nyeupe, birika la kahawa na sahani ya tende kwenye meza ndogo mbele yake. Alipomwona Adelard alipanua mikono.

"Mhaya wangu! Leo hata simu hujapiga? Au umekuja kunifundisha Kiingereza? Raudha! Leta kikombe, mgeni wako kaja, yule anayekunywa kahawa kama dawa ya minyoo!"

Mkewe alileta kikombe, akasalimia, akarudi ndani. Adelard alikaa. Mwaka alipofiwa na mkewe, Jabiri alisafiri naye hadi Bukoba na jeneza, siku mbili njiani, na kule akashika koleo la kaburi kabla ya wenyeji. Adelard hakuligusa hilo. Alitoa behewa kwenye mfuko, akaliweka sakafuni katikati yao. Baraza lilikuwa limesakafiwa kwa mteremko kidogo ili maji ya mvua yatoke.

"La nini hilo?" Jabiri aliuliza.

"La ushahidi. Polisi watataka kujua thamani yake. Liliundwaje?"

Jabiri alianza kueleza. Alieleza bati, risasi ya kuunganishia, na magurudumu aliyoyachonga kwa vishikizo vya chuma vya makoti ya zamani. Adelard aliondoa kidole chake kwenye behewa. Lilianza kusogea. Jabiri, akiwa katikati ya sentensi kuhusu rangi, alitoa kokwa ya tende mdomoni, akainama na kuisukuma nyuma ya gurudumu. Behewa likatulia. Aliendelea kueleza rangi.

Adelard alitoa bahasha ndogo, akaimimina njiti juu ya meza.

Jabiri aliitazama njiti, kisha kokwa, kisha rafiki yake.

"Miaka thelathini na mbili," alisema. "Mkono unafanya wenyewe."

"Brightson haweki kabari. Twalib hajui hata kuyakinga. Wa tatu ni wewe."

"Kahawa yako inapoa."

"Kiko wapi?"

"Adelard..."

"Kiko wapi, Jabiri?"

Jabiri aliingia ndani, akarudi na kopo kubwa la maziwa ya unga. Alilifungua. Kichwa cha treni kilikuwa kimelala ndani, kimezungushiwa kitambaa cha flaneli kwa uangalifu wa mtu anayefunga mtoto mchanga.

"Usikitoe," Adelard alisema. "Weka kopo hapo mezani, na lisiguswe tena."

"Ningekirudisha. Wallahi, Jumamosi asubuhi ningefika ukumbini nacho, niseme nimekipata kwa wauza vyuma chakavu. Wangeniuliza jina langu. Watu wote wangeniuliza jina langu." Alikaa. "Mabehewa kumi na moja, bwana. Macho yangu yameisha kwenye yale mabehewa. Halafu nasoma kibao, naona Twalib, naona kijana wa juzi aliyekuja kuunga waya. Hao ni wenzangu? Mie nilikuwa nani pale, mfagiaji?"

"Walikukosea."

"Basi unaelewa."

"Hilo naelewa. Sasa nieleze Brightson."

Jabiri aligeuza uso. "Sikusema uongo. Nilimwona kweli akitoka na begi."

"Ulimwona kwa sababu ulikuwa unasubiri atoke."

"Angetoka tu mahabusu. Ushahidi wenyewe bisibisi."

"Ushahidi wenyewe ni barua yangu," Adelard alisema. Sauti yake haikupanda. "Mtaani kwa Twalib pana wajumbe, pana polisi jamii. Kwa nini ulinipigia mimi?"

Ndani ya nyumba redio ilikuwa inatangaza vifo.

"Kwa sababu wewe ukisema, wanaandika," Jabiri alijibu. "Na nikikuambia mie, huulizi mara mbili."

Adelard alisogeza kikombe pembeni, akafungua daftari kwenye ukurasa safi. Saa yake ilisema saa nane na dakika hamsini. Faili lingetoka kituoni saa kumi.

"Twende pamoja ukaseme mwenyewe. Itakuwa nyepesi kwako."

"Siendi."

"Basi naandika."

"Hapa? Barazani kwangu?"

"Kielelezo kiko hapa. Nitakilinda mpaka askari aje akichukue mwenyewe."

"Ukikipeleka hiki polisi, watakifungia kabatini mpaka kesi iishe. Unajua au hujui? Treni haitembei Jumamosi. Unamwua Twalib pia."

"Najua."

Adelard aliandika kwa mwandiko ule ule ulionyooka. *Kwa Mkuu wa Kituo. Mimi niliyetia saini hapa chini ninaifuta barua yangu ya jana kuhusu Brightson Lyimo. Niliiandika bila kukagua gari moshi lenyewe, kwa kumwamini shahidi mmoja, rafiki yangu, bila kumhoji kama ninavyomhoji mtu mwingine. Kosa hilo ni langu.* Aliendelea na unga wa chuma chini ya jiliwa, njiti, na funguo tatu. Kila alipomaliza sentensi aliisoma kwa sauti, kama inavyosomwa taarifa mbele ya mtuhumiwa.

"*Siku ya Jumanne, baada ya saa sita mchana, Jabiri Kombo alifungua mlango kwa ufunguo wake...*"

"Saa saba na robo," Jabiri alisema.

Adelard aliinua kalamu.

"Niliingia saa saba na robo. Nikatoka saa nane kasoro dakika tano. Ukiandika, andika saa zilizo sawa." Aliweka mikono yake mapajani. "Lakini saini yangu hupati."

Adelard alikata maneno ya saa sita, akaandika saa zote mbili, akaweka herufi za kwanza za jina lake pembeni ya marekebisho. Kisha alitia saini, akaikunja karatasi mara tatu, akaitia ndani ya bahasha ya kaki pamoja na ile bahasha ndogo ya njiti.

Jabiri alisimama.

"Adelard. Nilikuzikia mkeo."

"Ulinizikia."

"Ukiifunga hiyo, baraza hili usilikanyage tena. Hata nikifa."

Adelard alilamba gundi ya bahasha upande hadi upande, akaikandamiza kwa kiganja. Akaipiga saini juu ya mshono wa kifuniko, nusu kwenye ulimi wa bahasha, nusu kwenye mwili wake, ili ikifunguliwa njiani ijulikane. Halafu aliinua mkono kwa dereva wa bodaboda aliyekuwa kivulini upande wa pili wa barabara.

"Shikamoo mzee. Wapi?"

"Kituo cha polisi, Boko. Mpe mkuu wa kituo mkononi. Si askari wa kaunta, si sekretari. Atasaini hapa, aandike na saa." Akampa ukurasa wa daftari uliopigwa mistari kwa ajili hiyo, na nauli ya kwenda na kurudi. "Mwambie kuna mtu anayekaa na kielelezo Kawe, asichelewe kumtuma askari."

"Akiuliza imetoka kwa nani?"

"Jina langu liko juu ya bahasha."

Raudha alitoka. Alikuwa amesikia yote. Alichukua birika, akachukua sahani ya tende, akakiondoa mbele ya Adelard kikombe kilichokuwa bado kimejaa. Jabiri aliingia nyuma yake, na kitasa kikazungushwa kwa ndani.

Adelard alibaki kwenye kiti, kopo likiwa mbele yake, mkono wake mmoja juu ya kifuniko. Dereva aliitia bahasha ndani ya koti, akavuta zipu hadi shingoni, akawasha pikipiki. Adelard alitazama saa yake na kuandika daftarini: *Barua imetumwa, saa tisa na dakika kumi na nane.*